Sauti ya Dorika Ndani ya Ghala la Mtama

Wimbo ule tulikuwa tunaujua watu wawili tu duniani.

Mmoja ni mimi, na sijauimba tangu msiba. Mwingine ni binti yangu Dorika, na huyo nilimzika wakati mwanawe Jenipher bado anatambaa.

Sasa mwaka huu, mwezi wa saba, nikausikia. Kwenye simu.

Tunakaa Mandewa, hapa Singida. Jenipher ni msichana mkubwa sasa, kipaji cha kuimba anacho ila mfuko umetoboka. Studio za mjini hawezi kuzilipia.

"Bibi, nipe lile ghala la mtama. Nafungua studio yangu humo."

"Studio ya panya?"

"Kuta nene zile, Bibi! Upepo wa Singida wote unaishia nje."

Akatundika magunia ukutani, na blanketi langu la baridi akalibeba. Mimi nikamletea trei za mayai, maana nilisikia ndizo za studio. Akacheka.

"Hizo urembo tu. Gunia ndilo linameza mwangwi."

Maiki yake ndogo akaivalisha soksi ya mtoto isinase pumzi, akaichomeka kwenye simu, akaiweka karibu na tundu la hewa.

Akaimba wimbo wake wa kanisani. Akatoka uso umempauka, akanikuta nje nachambua mtama.

"Bibi, hebu sikiliza." Akanivalisha vile vya masikioni.

Chini ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine. Ya mwanamke. Mbali, kama inatoka kisimani. Inaimba Kinyaturu, maneno niliyoyatunga mwenyewe nikimbembeleza Dorika.

Nikavivua.

"Ni mama yako," nikasema.

Ningejua, ningeuma ulimi.

Jenipher akaacha kuimba. Kila saa kumi jioni anawasha simu irekodi mle ghalani, anaisemesha: "Mama, ni mimi. Kidato cha nne nimemaliza." Kisha anafunga mlango, anaenda kuchota maji, asije akamtisha mama yake. Akirudi anasikiliza.

Sauti ipo.

Siku isiposikika, hali chakula. Kanisani wanampigia kuhusu ule wimbo, hapokei. Mtoto akaanza kukonda naona.

Jioni moja, Jenipher kaenda kuchota maji, akapita Mughwai, mtani wangu, mzee mwenzangu mwenye mizinga ya nyuki. Mimi nimekaa kwenye kivuli cha ghala nachambua mtama.

"Mchumba, siku hizi unaimba! Nimesimama hapo mpaka nimesahau nilichokifuata."

"Nani aimbe? Mimi na nyimbo tulishaachana."

"Sasa ni huo mtama unaoimba? Kila nikipita saa hizi unachambua na kuimba. Wimbo wa kulaza mtoto."

Ungo ukanitoka mikononi.

Nikageuka. Tundu la hewa liko usawa wa kichwa changu.

Maisha yangu yote sikuwahi kusikia sauti yangu ikiwa nje ya mwili wangu. Kumbe ikitoka, ni Dorika.

Nikakaa nalo moyoni siku mbili, ghalani sisogei. Nani amuue mama wa mtu mara ya pili?

Siku ya tatu Jenipher hakugusa hata uji. Nikamwambia.

"Mjukuu wangu, yule ni mimi. Mikono ikichambua, mdomo unaimba, mwenyewe sijui."

Hakulia. Akavaa vile vya masikioni, akasikiliza mpaka mwisho huku ananitazama midomo.

"Bibi. Mama alikuwa na sauti kama hii?"

"Hii hii. Hata mimi niliyemzaa nimedanganyika."

"Basi nimemsikia."

Akaomba uji.

Ndugu zangu, studio ni hiyo simu mliyoshika. Dorika hakuacha hata neno moja popote, kwa sababu nilidhani nitamkumbuka. Warekodini wenu wakipika, wakigombana, wakicheka ovyo.

Jenipher amerudi kuimba. Nami bado nachambua mtama pale kivulini. Ila siku hizi nikianza najisikia, na nikishajisikia, naogopa kunyamaza.