Mukuna ya Mama Henriette

Matanga ya mumewe yalipoisha tu, Kalenga, mdogo wa marehemu, alimnyang'anya Mama Henriette shamba la udongo mweusi lililokuwa kwenye mteremko nje ya Kalemie. Akamwachia kipande cha changarawe.

"Mwanamuke anayekula peke yake, kile kinamutosha," alisema mbele ya ukoo, na watu wakacheka.

Ilikuwa miaka ya Zaire, na wa kumsikiliza mjane hakupatikana. Henriette hakulia. Kicheko kile alikimeza, kikamkaa kifuani.

Néhémie, mwalimu wa kilimo, alipotafuta watu wa kwenda kutembelea mashamba ya Kirungu, milimani, Henriette alikuwa wa kwanza kupanda mashua. Wenzake walifuata mavuno. Yeye alifuata silaha ya kumlipiza Kalenga. Kule juu kwenye baridi, mkulima aitwaye Mama Rosalie alifunua majani makavu yaliyotanda ardhini. Chini yake udongo ulikuwa laini, una unyevu.

"Hamulimi na jembe?"

"Hapana, mama. Tunapanda mukuna, ni kama maharage, inatambaa inafunika udongo. Ikikauka tunaiacha palepale, tunatoboa tundu na fimbo, tunatia mahindi. Mvua haipati kitu cha kubeba."

Henriette alirudi na mbegu za mukuna zimefungwa kwenye kitenge. Misimu ikapita, changarawe ikafunikwa, mahindi yakampita kimo. Mteremko wa Kalenga, uliolimwa ukaachwa uchi, ulichimbika mifereji kila mvua. Mwishowe akaja, kofia mkononi.

"Shemeji, nisaidie mbegu. Udongo unakwisha."

"Rudi kesho," alimjibu kwa upole.

Akazichemsha mbegu, akazianika, akampa kikapu kizima. Kalenga alishukuru, nusura apige magoti. Akapanda, akangoja. Hakikuchomoza kitu. Kila Jumapili Henriette alipita makusudi njia ile akiimba, akitazama mifereji ikipanuka.

Kalenga akakata tamaa, akahamia Niemba, na ukoo ukamrudishia Henriette shamba. Alipofika alikuta mawe matupu. Udongo wote ulikwisha kushuka mtoni.

"Mbegu za Kalenga nilizichemsha," akamwambia Néhémie.

"Lakini udongo ulikuwa wa mume wako, mama!"

"Najua. Kalenga angerudi leo, ningechemsha tena."

Néhémie hakumtembelea tena. Henriette alipanda mukuna kati ya mawe yale mwaka baada ya mwaka, na hakumgawia mtu mbegu kabla ya kumuuliza ni wa ukoo gani.