Maoni ya Wote Isipokuwa ya Mama

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na kigugumizi, na kigugumizi hicho hicho ndicho kilichomfanya achekeshe watu kutoka hapa kwetu Bagamoyo hadi Msata. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi walioiona filamu yake walidhani anaigiza.

Filamu yenyewe, nisiwe mnafiki, ilikuwa ya kipuuzi. Vijana wa mtaani walikodi kamera, wakaenda nayo Kiwangwa kwenye mashamba ya mananasi, wakamfanya yeye mbeba mizigo fukara aliyempenda binti wa mwenye shamba. Anakwenda kuposa kwa koti la kuazima linalomfika magotini. Bata mzinga anamkimbiza, anatumbukia kwenye shimo la samadi, anatoka humo na kurudi kuposa vile vile alivyo. Posa yake ni sentensi moja tu, lakini kabla hajaimaliza mwenye shamba ameshakula, amenawa na amekwenda kulala. Mwisho mchumba msomi kutoka Dar anamwogopa ng'ombe, anatimua mbio, na mbeba mizigo anapewa mke. Basi, hiyo ndiyo hadithi nzima.

Ilipoanza kuonyeshwa kwenye kibanda umiza cha mtaa wa pili, yeye hakwenda. Alinituma mimi.

"Da-dada, kasikilize wa-wanasemaje."

Nikaenda, nikasimama mlangoni na kanga yangu kichwani katikati ya joto la vijana waliojaa mle. Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Walipotoka kila mmoja alikuwa hakimu. "Mwanangu, yule jamaa noma, anaua!" Mwingine akasema picha ni ya ovyo, kivuli cha mpiga kamera kinaonekana ukutani kama jini. Muuza duka wetu, mzee wa Kiarabu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, aliitazama kwenye simu ya mjukuu wake akasema kijana yule ana uso wa baraka. Dada mmoja msusi alikasirika kabisa: binti yule hakumstahili, angemwoa yule mpishi wa mwenye shamba. Na kijana mmoja aliyevaa miwani alitoa hukumu kwamba mwigizaji anajitahidi, ila kigugumizi anakizidisha, hakuna mtu anayekwama namna ile.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyompendeza mdogo wangu kuliko yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Na ma-mama? Mama anasemaje?"

Mama alikuwa hajaiona, na alisema hataiona.

Lazima umjue mama yangu. Mdogo wangu alipokuwa mtoto, ukimwigiza kusema kwake, mama anatoka jikoni na mwiko. Aliwatandika watoto wa watu mtaa mzima, akagombana na mama zao mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alipomsimamisha mwanawe asome kwa sauti na darasa zima likaangua kicheko, mama alikwenda shuleni akamsomea mwalimu yule makosa yake mbele ya wanafunzi wake. Sasa mtoto amekuwa mtu mzima, na kilema kile kile anakitoa mwenyewe watu wakichekee.

"Ulimi wa mwanangu nimeupigania miaka yote," aliniambia, "leo anaupeleka mnadani. Nisiione!"

Mdogo wangu hakumlazimisha. Lakini kila nikirudi sokoni, baada ya kunipa shikamoo yake, swali lilikuwa hilo hilo. Mama kaiona? Nami nilijibu, bado.

Kisha akaugua. Ini, walisema. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, macho yakawa ya manjano. Ndipo nilipoanza kuichukia ile filamu. Wageni waliokuja kumjulia hali walikaa na nyuso za huzuni mpaka afungue kinywa. Akishakwama tu, utaona mtu anauma midomo. Tulimpeleka hospitali, na kijana aliyempokea akamtambua. Mdogo wangu akawa anahangaika kusema wapi panapomuuma, na yule kijana anacheka, anawaita wenzake waje wamwone. Hakuwa na ubaya, alidhani anatumbuizwa. Mama alimtazama tu. Safari ile hakuwa na mwiko, na nguvu zilikuwa zimemwisha.

Katika siku zake za mwisho mdogo wangu alizungumza kidogo sana. Bado aliuliza. Akafa bila kupata jibu, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe.

Wanaume walipombeba kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani, mama amelala kwenye mkeka kifudifudi. Sisi ni Wakwere, na watani wetu ni Wanyamwezi. Msibani mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Jirani yetu wa Kinyamwezi, mama mtu mzima anayekaanga mihogo, akaingia amevaa shati la mdogo wangu na kofia yake. Akajishika kiuno, akaanza posa ile ya kwenye filamu.

"Mze-mze-mzee! Si-si-sina shamba, si-si-sina ng'ombe, ni-ni-nina mikono tu!"

Wanawake wakacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilimwangalia mama. Niliogopa, maana mtani ni mtani lakini mama ni mama.

Akainua kichwa. "Siyo hivyo," akasema.

Mtani akasita, mikono ingali kiunoni.

"Hakusema mikono. Na kwenye 'sina' hakukwama, aliipita vizuri." Akafumba macho na kukaza shingo, vile alivyofanya mwanawe tangu utotoni. "Mzee, sina shamba, sina ng'ombe, nina m... m... m-mgongo tu."

Alikuwa ni yeye. Ilikuwa sauti yake, na kukwama kwake, katika kinywa cha mwanamke aliyewapiga watoto wa watu kwa kosa hilo hilo. Mtani akavua kofia, akakaa chini.

Maneno yale hayakusemwa popote isipokuwa ndani ya filamu.

Nilisubiri mpaka matanga yakaisha na wageni wakaondoka. Nikamfuata uani alikokuwa anaosha masufuria.

"Mama, uliiona."

"Niliiona. Kwa simu ya jirani. Nilijifungia bafuni."

"Lini?"

"Kabla hajaugua."

Nilipandwa na hasira, sifichi. "Mbona hukumwambia? Alikuwa akiuliza kila siku! Kafa akidhani unamwonea haya!"

Aliendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata.

"Ningemwambia nini? Nilicheka, mwanangu. Pale kwenye mgongo nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga, jirani asisikie. Nilicheka kama wale niliowapiga. Ningemtazamaje usoni?"

Nikachukua sufuria jingine nikaanza kulisugua. Sikuweza kumwambia kwamba kicheko hicho ndicho mwanawe alichokuwa akikingoja.