Raba za Ngatia Zilivyooshwa

Kabla sijaolewa nilikuwa tayari na mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwa raba.

Ngatia aliuza viatu vya mitumba sokoni Karatina. Siku moja alifungua belo akakuta raba nyeupe ambazo hazijawahi kuvaliwa, ubavuni zimeandikwa jina kwa wino, kwa mkono. Mchuuzi mmoja wa Nairobi akamweleza kwamba kampuni ilizitengeneza pamoja na mchoraji fulani wa Amerika, jozi chache tu, na mchoraji akatia sahihi mwenyewe.

"Bila hiyo sahihi ni raba tu," akasema. "Lakini hizi nakupa bei ya ndama."

Ngatia akakataa kuziuza.

Sikatai, zilikuwa nzuri. Ngozi laini kama shavu la mtoto, na kutoka Sagana hadi Nyeri hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Akizivaa, hata mabega yalinyooka. Mtu aliyekulia miguu mitupu, jamani, nani angemnyima hiyo raha? Lakini taabu yake! Zilimbana kidole gumba. Akiona wingu, anavua. Tukienda kanisani anaruka madimbwi kama mbuzi, mimi nimeachwa nyuma na mwavuli.

"Ngatia, chagua utaoa nani," nikamwambia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Wakati wa ile mvua ya El Niño akaja kwetu Kianyaga na wazee wake kunichumbia. Mama alikuwa amekosa amani wiki nzima, ati mabati yetu yana kutu, ati watu wa Karatina watatudharau. Ngatia alifika na tope mpaka kwenye kamba za viatu. Akavua raba mlangoni, akaingia na soksi.

Wazee wakiwa bado wanaongea, Mama akatoka nje kimya. Aliporudi alikuwa amezibeba kwa mikono miwili, zinang'aa.

"Kijana yangu," akasema mbele ya wote, "kumbe watoto walikuandikia kiatu na biro! Hawana adabu. Lakini nimesugua na waya ya sufuria mpaka imetoka yote."

Nikaapa kimoyomoyo kwamba akimwaibisha mama yangu kwa neno moja tu, atarudi Karatina na raba zake na mimi nitabaki kwetu. Ngatia akageuza kiatu kimoja, akageuza cha pili. Tabasamu la Mama likaanza kupotea.

"Ama nimeharibu?"

"Hapana, Mama," Ngatia akasema. "Hiyo wino ilinisumbua sana. Mimi mwenyewe nilishindwa kuitoa. Asante."

Kisha akazivaa, akafunga kamba, akatoka nazo kwenye matope kumpasulia Mama kuni. Nilienda jikoni nikalia, wakadhani ni moshi.

Mama yuko hai, na mpaka leo hajui. Na ole wake atakayemwambia.