Mtu Aliyefutwa Kati ya Nyota

Kama umewahi kuona picha ya volkano ya Bromo ikifuka moshi chini ya anga lililomwagiwa nyota kama unga, huenda ni ya Ngatiyo, jirani yangu hapa kijijini Cemoro Lawang. Mchana analima viazi. Usiku anajitanda sarungi mabegani, anapanda ukingoni mwa bonde la volkano na kamera ya mtumba, na kukicha anauza picha kando ya kibanda changu cha kahawa. Nyota zake zinang'aa kuliko za Mungu, nami humwambia hivyo hivyo.

"Macho yako ndiyo mabovu," hunijibu. "Kamera inatazama sekunde ishirini bila kupepesa. Wewe hata darasani ulishindwa kutazama ubao."

Ni kweli, stashahada yangu niliiacha nusu.

Kazi yake iko hivi. Anapiga picha arobaini za mahali pamoja, anazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, na kompyuta inabakiza kile tu kilichomo katika zote. Mlima unabaki. Nyota husogea usiku kucha, lakini akishazirudisha mahali pake, nazo zinabaki. Ndege, magari ya wageni, mtu mwenye tochi, kila kinachopita kinafutika kana kwamba hakikuzaliwa. Kisha zile arobaini anazitupa.

Siku moja Sunarsih, mjane wa Kartojo, alisimama mbele ya picha kubwa kuliko zote.

"Shemeji, hii uliipiga lini?"

"Mwezi wa saba, ile wiki ya barafu."

"Usiku gani?"

Akamtajia. Mama wa watu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Usiku huo mume wangu alipanda mteremko huu saa tisa, kumwagia viazi maji barafu isiviunguze. Wiki iliyofuata nikamzika. Sina picha yake ila ya kitambulisho, amekodoa macho kama mwizi wa kuku. Mbona humu hayumo?"

 Ngatiyo aliikumbuka taa ya kichwani iliyopanda mteremko usiku ule. Alikuwa ameipigia kelele, "Zima taa, ng'ombe wewe, unaniharibia!" na Kartojo akamjibu kutoka chini, "Njoo uvimwagilie viazi wewe gizani!"

"Alikuwepo," akasema polepole. "Nilimfuta mimi."

"Basi mrudishe."

Tuliingia jikoni kwa Ngatiyo, tukakaa kuzunguka moto kama ada yetu, kompyuta mapajani. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa na kujazwa picha nyingine mara kumi. Ngatiyo alifungua folda moja baada ya nyingine, jasho likimtoka katika baridi ile. Hakuna.

"Kaka, pipa la taka la kompyuta huwa unalimwaga?" nikauliza.

"Pipa gani?"

Nashukuru uvivu, nashukuru na ujinga. Hakujua kama lipo. Zile arobaini zilikuwa humo, zimelala na takataka za miaka miwili.

Safari hii alizipanga kinyume, akaiambia kompyuta ibakize kila kilichong'aa, hata mara moja tu. Nyota zikavutika zikawa mikwaruzo, na mteremkoni kukachomoza vistari vifupi vya manjano, kimoja baada ya kingine, vikipanda.

"Lakini sikudanganyi, shemeji," Ngatiyo akasema. "Hakuna jicho lililoona mstari huu. Mimi niliona nukta moja ikitembea. Mstari nimeushona mimi."

Sunarsih hakumsikia. Kidole chake kilikuwa kikiifuata njia ya taa. Mahali fulani vistari vilikoma, pakawa na nukta moja nene.

"Hapa goti lilimbana," akasema. "Hapo kuna jiwe. Anakaa, anavuta sigara, halafu ananidanganya kwamba haumwi." Akacheka, akajifuta kwa ncha ya sarungi. "Ahsante, shemeji. Ni yeye huyu. Hata mwendo ni wake."

Nami nilishukuru kimya kimya kwamba kijiji chetu kina mtu mwenye kichaa cha kukaa kwenye baridi akitazama.

Sunarsih aliinama tena, akakunja uso.

"Na hii?" Juu ya shamba, pale njia inapoishia, mkwaruzo wa nyota moja ulikuwa umegusana na taa. "Mtu atadhani naye ni Kartojo. Iondoe."

"Shemeji, hiyo ni nyota ya kweli."

"Ukitoa hiyo moja, zitabaki ngapi?"

Ngatiyo alitazama anga lake lote. Kisha akaifuta.