Namba ya Pijo Iliyolala Chini ya Rangi

Watu wengine wakiona gari wanaona rangi, wanaona rimu. Ma'mdogo wangu Thuraya anaona namba! Duka lake la daftari na fotokopi lipo Msimbazi, hapahapa Kariakoo, ila wenye magari ya zamani wanamjua kwa kazi nyingine, kunyoosha kadi za gari. Kadi imeliwa na mende, mmiliki alishafariki, wewe mpelekee tu. Alijifunza kwa babu, aliyekuwa anauza spea za magari ya Kifaransa, na hadi leo hakuna Pijo inayopita yeye asigeuze shingo.

Sasa sikieni ya Jumamosi.

Kaja dada Fortunata, yule Mchaga wa mabegi ya jumla, macho yamevimba. Ana Pijo 504 ya marehemu baba yake, ya mwaka sabini na nne. Barua ya mirathi ya mahakama anayo, kadi anayo. Anataka kitu kimoja tu: Desemba hii ampeleke mama yake Rombo na gari hilohilo, kama marehemu alivyokuwa anawapeleka kila Krismasi. Mama ana miaka themanini na mbili, na basi kasema hapandi tena.

"Mkaguzi wa magari kakataa kupitisha kadi ije jina langu, dada Thuraya! Namba ya chasisi kwenye gari na ya kwenye kadi haziendani hata kidogo. Kasema nikirudi nayo hivihivi wanaishikilia, itahesabika ya wizi. Gari la baba yangu, aisee! Nilibebwa humo kwenda kubatizwa!"

Ma'mdogo hata kadi hakugusa. Karatasi huwa anaziacha mwisho. Kabeba penseli, msasa na kitambaa, huyo nje, kafungua boneti, kainama. Pembeni ya injini kuna kibati cha namba kimepigwa ribiti. Kinang'aa balaa.

"Gari lina miaka hamsini, kibati kama cha jana," akasema. "Nani kalipaka rangi?"

"Fundi Hashimu, wa Ilala."

"Mpigie. Aje sasa hivi."

Hashimu kafika na bodaboda, mikono bado ina vumbi la puti.

"Shikamoo Bi Thuraya."

"Marahaba. Hiki kibati umekitoa wapi?"

Jamaa katabasamu, anajua anasifiwa! "Aa, hiyo zawadi! Cha kwake kilikuwa kutu tupu, nikaona tutamwaibisha dada wa watu. Kuna Pijo niliikata skrepa, kibati chake kizima, nikamfungia bure."

"Bure?!" Fortunata kapiga kelele. "Umelivalisha gari la baba kitambulisho cha maiti!"

"Kwani si zote Pijo?"

Tulicheka, hadi msukuma mkokoteni kaacha mzigo katikati ya njia. Ma'mdogo hakucheka. Kumbe kuna namba nyingine, inagongwa kiwandani kwenye bati lenyewe la gari, na ndiyo inayohesabika. Ila hapo pote pamejaa puti na rangi.

"Hashimu, hapa ulipitisha grenda?"

"Sikumbuki, Bi Thuraya."

"Kama ulipitisha, namba imekwenda na vumbi, na gari limekwenda."

Fortunata kashika kichwa. Ma'mdogo akalowesha msasa, akaanza kusugua polepole, rangi ikatoka, puti ikatoka. Akabandika karatasi, akasugua kwa penseli iliyolala. Jamani! Tarakimu zikaanza kutokea kama picha!

"Shika kadi ujibu," kamwambia Fortunata. "Mbili!"

"Ipo!"

"Nne! Sifuri!"

"Zipo!"

Umati nao ukadaka, kila namba mtaa mzima "ipoo!" Ikabaki ya mwisho, ukungu mtupu. Msasa tena, karatasi nyingine. Fortunata kafumba macho.

"Saba."

"SABA IPO!" Karuka, kamkumbatia hadi Hashimu.

Jumanne mkaguzi kaiona kwa macho yake, kibati cha watu kikang'olewa, fomu ikapita. Na leo kadi imetoka, imeandikwa Fortunata! Kampigia mama yake palepale dukani, spika juu.

"Mama, kadi imetoka!"

"Kadi mimi siioni kwenye simu. Nisikilizishe honi."

Fortunata mbio kwenye Pijo, kabonyeza. Msimbazi nzima imegeuka!

"Ndo yenyewe," mama kasema. "Naanza kufunga mizigo."

"Mama, sasa hivi ni Oktoba!"