Picha Iliyobandikwa Ukutani

Nilipokabidhiwa usimamizi wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara, nilikuwa nimetoka chuoni na nadharia moja kichwani. Mwalimu aliichora ubaoni kama ngazi: chini chakula na usalama, juu yake kupendwa na kuwa na wenzako, kisha heshima, na kileleni mtu kukitumia kipaji chake chote. Ukitaka mtu ajitume, alisema, jua kwanza amesimama daraja gani.

Mimi nikarukia heshima. Kina mama waliozoea kumenya korosho kwenye mkeka mmoja nikawatenganisha, kila mmoja na meza yake. Ukutani nikabandika picha ya mfanyakazi bora wa mwezi: mama mjane wa Ufukoni, ambaye korosho zake zilitoka nzima, hazina hata mkwaruzo wa kisu.

Siku ya tatu akaja ofisini.

"Mwanangu, naomba uiondoe ile picha."

"Kwa nini, mama? Umestahili."

"Ahsante. Lakini iondoe."

Nilidhani anaona haya tu, nikaiacha. Wiki iliyofuata hakuonekana kazini. Siku ya nne nikapanda bajaji hadi kwake, nikamkuta barazani anachambua kisamvu.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Wanangu wako mbali, humu ndani naongea na kuta. Pale kazini nilikuwa na watu. Tunacheka, tunataniana, mwenzetu akifiwa tunajua palepale. Sasa umeniketisha peke yangu kama bi harusi, na wenzangu wananiita bosi."

Nilikuwa nimempandisha daraja huku nikiling'oa lile alilokuwa amesimama juu yake.

Kesho yake nikaibandua picha, nikautandika mkeka. Jumatatu akarudi. Mwenzake mmoja aliyekuwa akimtania zaidi akasogea na kusema, "Mpisheni bosi akae," na wote wakaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Nikajiona nimeelewa watu. Ila mama mmoja, mcheshi kuliko wote, alikuwa bado amekaa mezani kwake. Nikamwambia yuko huru kurudi mkekani.

"Niache hapahapa, baba," akasema. "Nyumbani tuko kumi na mmoja. Hapa ndipo ninapopata kimya."

Nikamwachia meza yake.