Masale Aliyong'oa Mama

Mama yangu ni mwoga, na simsengenyi, mwenyewe anajua. Bodaboda hajapanda mpaka leo. Akitaka kushuka Kiboriloni kuniona sokoni, ambako nauza mitumba, hutembea na miguu yake mpaka barabara ya lami, mvua inyeshe isinyeshe. Maziwa huyachemsha, yakipoa huyachemsha tena. Majirani walipong'oa kahawa wakapanda parachichi, wakamcheka kwamba anachelewa, alisema kahawa anaijua, hiyo parachichi hajui tabia yake. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama dini humfanya mtu athubutu mambo, sihitaji kufikiri sana. Mwanamke huyohuyo aling'oa mpaka wa kihamba chake asubuhi moja, huku anaimba.

Kihamba ndilo shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa, na huku kwetu mlimani mtu huzaliwa humo na kuzikwa humo. Babu aliwagawia wanawe wawili, baba yangu na baba mdogo, na katikati akapanda masale. Mgeni akiyaona atadhani ni maua ya kupamba, yale majani marefu ya kijani juu ya mashina membamba. Kwetu ndiyo yaliyokuwa hati ya shamba. Na mtu aliyekukosea akija na jani la sale amelifunga fundo, humfukuzi. Unalipokea na kumsamehe, hata kama roho inakuuma. Baba alipofariki tulimzika karibu na masale hayo, upande wetu, na mama akaacha nafasi ubavuni mwake. "Hapo ni pangu," aliniambia, kama mtu aliyewekewa kiti kwenye sherehe. Mimi ni mtoto wake pekee, tena wa kike, nimeolewa Njoro. Hajawahi kuniomba kitu kingine: siku yake ikifika, nimlaze pale kwa baba.

Baba mdogo zamani alikuwa mtu wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, tena wa kuokotwa kwenye mfereji. Akaokoka. Sina ugomvi na hilo, tulipumzika wote. Akaanzisha maombi nyumbani kwake, na mama, mjane wa watu, akapata mahali pa kwenda jioni na watu wa kumwita dada. Ng'ombe wake alipotoa mimba, baba mdogo alikuja na wanamaombi wenzake, wakazunguka kihamba chote wakiomba, wakasimama kwenye masale. Akatangaza kwamba mizimu imefungiwa pale, na kwamba mama hawezi kumtegemea Mungu huku anategemea majani. Mama akauliza kwa ule woga wake, "Na mpaka, shemeji? Na kaburi?"

"Shemeji, hili ni jani tu," akamjibu. "Mlinzi wako ni Mungu. Unamwamini, au humwamini?"

Hebu niambie, mjane anajibuje swali hilo mbele ya kundi zima la watu waliofumba macho?

Nilipopanda mlimani mwisho wa wiki nilikuta rundo la mashina ya masale linafuka moshi, na mama ana malengelenge mikononi. Nikapiga kelele, "Mama! Umefanya nini?" Akacheka. Mama yangu, anayeogopa hata radi ya mbali, akacheka. "Imani yako ndogo, mwanangu. Mimi sijawahi kuwa na amani hivi." Jioni ile alilala bila kukagua komeo la mlango, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Nikamwonea wivu, nakiri. Nilikaa kitandani nikijiuliza mimi nimewahi kumwamini nani kiasi hicho.

Masika ikapita. Baba mdogo akaanza kupalilia kuzunguka kaburi, na mama akanipigia simu kunisimulia wema wake. Kisha baba mdogo akapanda migomba kidogo upande wetu. "Shemeji ananisaidia, kule kulikuwa wazi," mama akasema. Kisha ikaja simu nyingine, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. Alisema baba mdogo amezungusha uzio wa seng'enge. "Mwanangu, baba yako yuko upande wa pili."

Nilifunga meza yangu sokoni wateja wakiwa wamesimama. Nilipofika sikuingia ndani. Nilipita moja kwa moja mpaka chini, kwenye mpaka mwingine wa baba mdogo, ule anaopakana na mtu baki. Nilitaka kuona kitu kimoja tu.

Masale yalikuwepo. Yote! Yamepunguzwa vizuri, mstari umenyooka, na palipokuwa na pengo palikuwa pamechomekwa shina jipya. Mizimu gani hiyo, jamani, inayochagua mpaka wa kukaa? Laiti angekuwa mjinga mwenzetu, laiti angeng'oa na yake akapata hasara pamoja nasi, ningemsamehe siku hiyohiyo. Lakini yeye alijua. Alimshika mama mkono na kumpeleka ukingoni kwa jina la Mungu, na yeye mwenyewe akabaki nyuma palipo salama.

Mwanamke wa Kiislamu anayeuza vyombo jirani na meza yangu nilimsimulia nikilia. Akanipa maji ya kunywa, akasema, "Dada, mume wangu hakosi msikitini hata alfajiri, na dukani kwake ana kufuli kubwa kama ngumi. Hajawahi kumwambia mtu aondoe la kwake." Nimelitafakari hilo mara nyingi. Imani ilimpa mama ujasiri wa kweli, siwezi kukataa, niliuona kwa macho. Ila siku hizi mtu akinihimiza nithubutu kwa imani, kwanza namuuliza yeye ameweka nini chake rehani.

Ukoo ukakaa. Wazee walioshuhudia babu akigawa walikuwa wameshazikwa, kila mmoja kwenye kihamba chake. Mwenyekiti wa kikao akamuuliza mama, "Alama ziko wapi?" Mama akasema, "Tuling'oa." Wakamgeukia baba mdogo, na yeye, bila hata kupepesa macho, akasema, "Shemeji aling'oa kwa imani yake mwenyewe. Mimi sikushika jembe." Ni kweli, hakushika. Nilipotaka kusema, nikaambiwa binti aliyeolewa asivuruge mambo ya ukoo. Wale wanamaombi waliokuwepo siku ile, waliosema amina, walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Desemba, watu walipopanda mlimani kwa sikukuu, baba mdogo alitajwa kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji wetu, mtu mwenye akili, akamwambia kwanza akapatane na mjane wa kaka yake. Basi akaja, amevaa koti, na wazee wawili wa kushuhudia. Sikumpa shikamoo. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumnyima, na niliona ameisikia. Akapiga goti mbele ya mama, akatoa mfukoni jani bichi la sale, limefungwa fundo.

Loo! Nilijua alikolikata.

Wazee wakamtazama mama, maana sale halikataliwi. Mlimani huku, anayelikataa huogopwa kuliko aliyekosa. Na mama yangu ni yule asiyepanda bodaboda.

"Shemeji," akasema taratibu, "uzio utautoa?"

"Hayo ni mambo ya mwilini, shemeji. Mimi nimekuja kwa ajili ya roho."

"Na mimi nikifa, nitalala wapi?"

"Mbinguni hakuna mipaka," akasema baba mdogo, na mkono wake bado umenyoosha lile jani.

Mama akalitazama. Mikono yake ilibaki imefungwa ndani ya kanga.

"Shemeji," akasema, "hilo ni jani tu."

Wazee wakainuka bila kuaga. Baba mdogo akabaki amepiga goti, hajui jani aliweke wapi, mwisho akalirudisha mfukoni na kuondoka. Nilitaka kushangilia, lakini mama alikuwa ameshageukia jikoni. Akaniuliza kama nimeepua maziwa.

Jioni alifunga komeo la mlango, akarudi kulikagua, akarudi tena. Kisha akakaa pembeni yangu. "Mwanangu," akasema, "sasa utanizika wapi?"